Ndoo ya Bolti ya Kipushi

Nilikuwa nimevaa suti yangu ya vikao, ile ya kijivu, kwa sababu nilidhani ninakwenda kusaini mkataba. Mteja wetu mkubwa kwa miaka kumi na moja, kampuni inayouzia migodi vipuri, alikuwa ameahidi kutupa kazi ya kuhamisha stoo zake zote kwenye programu mpya. Sisi tulikuwa watu wanne katika nyumba ya kupanga mtaa wa Makomeno, na bila mteja huyu tungefunga mlango. Asubuhi hiyo hakuna aliyenitania kuhusu tai.

Kazi yetu ni ngumu kuieleza kwenye harusi. Kampuni kubwa hununua programu moja ya kuendesha kila kitu, ununuzi, stoo, mishahara, halafu programu hiyo haijui lolote kuhusu watu watakaoitumia. Sisi tulikaa katikati. Tuliuliza, tulibishana, tulipanga upya. Na kila baada ya kikao mimi niliandika PV: kumbukumbu zenye kila uamuzi na sababu yake, nakala mbili, sahihi, muhuri. Kwetu, kikao kisicho na PV hakikufanyika. Wenzangu walinicheka kwamba hata chai nitaiandikia PV. Mimi nilijivunia. Mkuu wa stoo za mteja, mama mwenye asili ya Maniema, mkali kuliko mimi, alizitunza zote kwenye kabati lake la chuma.

Siku hiyo nilikuta kabati liko wazi, tupu.

"Papa, ikala kwanza," akasema yule mama. "Niko na kitu ya kukuonyesha."

Akanigeuzia kompyuta yake. Nikaiona ile programu mpya ikiwa imeshapangwa yote: nani anaidhinisha nini, lini vipuri viagizwe, hata ile sheria ya ajabu ya grisi iliyotutesa vikao sita. Nikadhani kampuni nyingine imetupiku. Nikauliza ni akina nani, wa Johannesburg?

"Hapana, papa. Ni IA, ile akili ya mashine. Ile kazi yenye mulisema itakamata miezi ine, yeye alimaliza mu siku tatu. Tulimupatia ma-PV yako yote, akasoma. Bantu ya direction, bale bakubwa ba kampuni, banashangaa. Banasema, huyu muzee aliandika muzuri sana!"

Nilibaki mdomo wazi. Sisemi hivyo kwa mapambo. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha, mdomo wazi, na tai yangu. Hasira ilinipanda na sikuwa na wa kumkasirikia. Hakuna aliyeniibia. Niliwapelekea mwenyewe, kwa mkono wangu, nakala mbili mbili.

"Na mkataba?"

Akatazama meza. "Direction inasema tungoje. Mi shiko na nguvu, papa."

Kisha akachukua karatasi kwenye printa: PV ya kikao chetu. Mashine ilikuwa imeiandika kabla sijaketi, kwa mtindo wangu, hadi ile "baada ya majadiliano marefu" ninayoipenda. Mwishoni yakafuata makubaliano ya kila stoo. Nikaisoma kwa roho mbaya kabisa, nikitafuta kosa.

Nikalipata. Kifungu cha saba: stoo ya Kipushi hupima bolti kwa kilo.

Nilicheka kwa sauti. Kipushi mizani iliharibika zamani. Mtunza stoo hupima kwa ndoo ya buluu iliyovunjika mdomo, na ndoo nzima huiandika moja. Kila baada ya miezi michache programu ilipiga kelele kwamba bolti zimekwisha, wakaniita, nikaenda, nikarekebisha, nikaonekana mchawi. Sikuwahi kuliandika hilo kwenye PV. Niliona aibu wakubwa wasome kwamba kampuni yao inapima kwa ndoo. Ndicho kitu pekee changu ambacho hakikuwamo kwenye lile kabati.

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo nikipita mtaa wa Golf peke yangu kwenye gari napiga usukani nikikumbuka. Lakini PV yenye kosa, halafu sahihi yangu chini yake? Sikuweza. Nikatoa kalamu, nikakata mstari.

"Mama, ku Kipushi hapana kilo. Banapima na ndoo. Ndoo moja ni kilo makumi mbili na tatu, sababu mudomo yake ilivunjika."

Akashika kichwa. "Miaka yote hii, papa, na haukutuambia!" Akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaandika mstari mmoja kwenye kompyuta. Sikuwa nimemaliza kufunga kalamu yangu, karatasi mpya ikatoka. Kifungu cha saba kilikuwa sawa, na sababu yake imeelezwa vizuri kuliko nilivyoisema.

Nikasoma mara mbili. Hakukuwa na kosa. Nikasaini nakala zote mbili, nikatoa muhuri kwenye mkoba, nikaupulizia, nikagonga.

Makomeno wenzangu watatu walisimama nilipoingia. Niliweka nakala yangu mezani. Mmoja wao alipouona muhuri tu, akadhani ni mkataba, akaanza kupiga makofi, na mimi nikashindwa kumzuia.