Moja Kumi na Moja

Nilipanga chumba nyumbani kwa Mwalimu Hjalmar Norrby, hapa Härnösand, miaka minne, na kuta za nyumba zilikuwa za mbao nyembamba.

Mwalimu aling'ang'ania namba moja tu: moja kumi na moja zilizopangwa mstari, 11,111,111,111. Alitaka kuthibitisha kuwa ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kazi ya kugawanya alimwachia mkewe, Tekla: mara kumi kila siku, akishaosha vyombo. Wageni wakija kunywa kahawa, Mwalimu alimwonyesha kwa kidole.

"Namba tasa, mke tasa. Nimejaliwa vyote viwili!"

Walicheka. Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo.

Majira ya baridi ya kwanza Tekla aligundua jambo. Alizigawanya moja tano, yaani 11,111, kisha moja saba, akaona kila kigawanyo tasa, ukikipunguza moja, kinagawanyika kwa mara mbili ya idadi ya moja hizo: kwa kumi, kisha kwa kumi na nne.

"Basi kwa hizi zetu tufuate ishirini na mbili," alimwambia mumewe. "Tutaokoa miaka."

"Wewe gawanya, mama. Kufikiri niachie mimi."

Februari mama yake Tekla alifariki huko Sundsvall. Tekla akaomba ruhusa aende kuzika.

"Ukurasa haujaisha," Mwalimu alisema. "Kwani maiti atakimbia?"

Hakwenda. Ila tangu wiki hiyo alianza kujaribu njia yake kwa siri, na kufikia Pasaka aligawanya kwa 21,649, hakikubaki kitu. Hakumwambia mtu. Orodha ya vigawanyo aliyopewa na mumewe ilipofika kwenye namba hiyo, aliandika: inabaki kumi na nne. Kisha akaendelea kugawanya bure miaka miwili mizima, huku Mwalimu akinoa hotuba ya kutangaza kuwa namba yake ni tasa.

Kwenye mkutano wa walimu, hotuba ilipokwisha, makofi yalipigwa. Tekla akasimama, akachukua chaki, akazidisha 21,649 kwa 513,239. Zikatoka moja kumi na moja.

"Mwalimu Norrby," mkaguzi wa shule aliuliza, "huyu tasa wako mbona ana watoto wawili?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Usiku huohuo nilisikia ukutani:

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka, mwaka aliokufa mama."

"Ukaniangalia tu?"

"Nilikuwa nagawanya."

Mwalimu hakurudi darasani. Kabla ya mavuno kiharusi kilimlaza, mdomo ukaenda upande. Kila asubuhi alimsihi mkewe kwa ulimi mzito, "Tekla, ulifikaje pale? Niambie njia tu." Alikuwa ameshaambiwa, hakusikiliza. Tekla alimlisha uji wa shayiri, akampangusa kidevu, akamwambia unapoa.

Siku moja nilimwuliza kama sasa roho yake imetulia.

"Nilidhani itatulia," alisema, akaendelea kukunja shuka.