Mama Aliyeomba Aoshwe na Mwingine

Kila Jumatano na Jumamosi, sisi wamama wachache wa kanisa tulishuka hadi kituo cha afya, huko Nyabiondo, kuwahudumia wagonjwa wasio na ndugu. Kituoni mgonjwa hupikiwa na kuoshwa na jamaa yake. Asiye na jamaa alikuwa wetu. Hatukulipwa. Mimi nilipewa mzee mmoja aliyekimbia vita kwao Itebero, akaja kwa miguu na kidonda kilichooza. Nilimwosha, nikamlisha bugali na sombe ya majani ya muhogo polepole, huku akinisimulia habari za msitu.

Nyumbani nilikuwa na mama yangu mzazi, aliyepooza upande mmoja. Naye nilimwosha, lakini upesi upesi, kabla ya kwenda shambani.

Siku moja mwenzangu wa kikundi alipita kwetu kuchukua sabuni ya wagonjwa. Akamwambia mama, "Mama, huyu binti yako iko na mikono ya upole. Ule mzee anamungojea yeye tu."

Mama akamjibu, "Mimi hiyo mikono siijui. Munitie na mimi kwa liste yenu ya wagonjwa. Wewe njo mwenye utakuja kuniosha."

Nilicheka. Mama hakucheka. Mwenzangu aliaga haraka, hata sabuni akaisahau.

"Mama, unanipatisha haya mbele ya watu," nikasema.

"Unanigeuza kama gunia ya muhogo. Hata hunisemeshi."

Nilikasirika. Nikamkumbusha ni nani anayemtekea maji, ni nani anayemlimia. Nikaenda shambani, nikalima vibaya, nikakata miche ya maharagwe pamoja na magugu. Jioni nilikwenda kwa mwenzangu kumwomba aje. Alikataa, akisema hataki kuingia kati ya mtu na mama yake. Nilimsihi mpaka akakubali.

Alikuja Ijumaa. Nilikaa nje nikichambua maharagwe, na kupitia ukuta wa mbao nikamsikia mama akicheka. Tangu augue sikuwa nimesikia kicheko hicho. Kiliniuma kuliko maneno yake.

Tukaendelea hivyo miezi kadhaa: mimi nikiosha wa watu, mwenzangu akiosha wangu. Majirani waliliona, wakasema waliyosema.

Kisha mwenzangu akashikwa na malaria. Niliingia kwa mama na beseni, nikiwa na woga kama mgeni.

"Mama, maji iko sawa?"

"Iko na moto kidogo."

Nikaongeza ya baridi. Nilimwosha taratibu, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Siku hiyo nilichelewa shambani. Nilipokuwa nampangusa mgongo, akauliza, "Ule mwenzako, akipona, atarudi?"

"Atarudi, Mama."

"Aksanti," akasema.

Sikuthubutu kumuuliza alikuwa ananishukuru kwa lipi.