Sauti ya Baba Ilivyopimwa

Harufu ya tangawizi ikichemka hunirudisha Koboko, jikoni kwetu, nikipuliza moto huku machozi yakinitoka kwa moshi. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeapa kwamba baba yangu angefaulu.

Baba alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo nyuma ya soko. Sauti yake ilikwaruza tangu nimfahamu, na wenzangu shuleni walikuwa wakinifuata wakiiigiza, jambo lililoniuma sana. Basi niliposikia kwamba mama mmoja anatoka Arua kuja zahanati yetu kupima sauti za watu wasio na shida yoyote ya sauti, na Baba amekubali kupimwa, nilijua hapohapo kuwa huo ni mtihani. Akifaulu, watanyamaza wote.

Nilimnywesha tangawizi na asali asubuhi na jioni. Nikampiga marufuku kusema, isipokuwa adhana tu. Ajabu ni kwamba alitii! Sokoni alipatana bei ya muhogo kwa vidole, muuzaji akadhani mzee amenuna.

Siku ilipofika niliketi ubavuni mwake. Yule mama aliweka kinasa sauti mezani, akamwomba avute "aaa" mpaka pumzi iishe. Baba akavuta. Ilikwaruza vilevile, kana kwamba hakuonja hata tone la tangawizi. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba napita?"

"Hapa hakuna kupita, mtoto yangu," alicheka yule mama. "Mimi nataka sauti vile iko." Akamgeukia Baba. "Mzee, sauti nakwaruza kidogo. Nasumbua wewe?"

"Hapana," alisema Baba. "Mimi naita, watu nakuja."

Nililia kwa hasira njia nzima. Kwangu mimi, Baba alikuwa ameanguka mtihani, na hata hakuona haya.

Leo kazi yangu ni hiyohiyo ya kupima sauti, hapa Arua. Nimesikiliza walimu, makondakta na wauza nguo wasio na shida yoyote, na wengi sauti zao zina mikwaruzo. Yule mama alikuwa akitafuta sauti kama zilivyo, zinazofanya kazi kila siku, ili za wagonjwa zilinganishwe nazo. Kwa hiyo, kila ninayempima, namwuliza kwanza kama sauti yake inamsumbua, na jibu lake nalitilia maanani.

Nikienda nyumbani hukaa uani alfajiri, nimsikilize Baba. Bado anakwaruza. Kisha nasikia milango ya majirani ikifunguliwa, mmoja baada ya mwingine, na ndara zao zikielekea msikitini.