Bomba la Mama Viatu

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza baiskeli za magurudumu matatu za watu wasiotembea, zile za kuzungusha kwa mikono. Siku ile mteja wake Mama Viatu, mshona viatu, alirudi karakana akisukumwa na wapita njia wawili, amevimba kwa hasira.

"We fundi, hii ni baiskeli au kitambaa? Imejikunja niko katikati ya mlima!"

Mjomba akainama. Lile bomba refu linalopeleka nguvu ya mikono mpaka gurudumu la nyuma lilikuwa limejisokota, mikunjo ya mshazari kila upande, kama nguo iliyokamuliwa. Baiskeli ya kwanza Mama Viatu alilalamika ni nzito, ndiyo maana kwenye hii ya pili Mjomba akaweka bomba pana lenye ukuta mwembamba kama bati. Alijiambia pana ni pana tu, litahimili.

"Toa bomba, weka nondo, yaishe," akasema fundi jirani.

"Nondo na uzito wake aizungushe nani? Wewe?" Mama Viatu akamkata. "Nataka nipande mlima ule mwenyewe. Miaka sita nasukumwa kama mkokoteni, na kila anayenisukuma lazima anipe na mawaidha!"

Tukacheka wote isipokuwa Mjomba. Alikuwa ameviringisha karatasi ngumu ikawa bomba, akaisokota. Ikabonyea mshazari vilevile. Akaviringisha nyingine, hii akaibandikia pete za karatasi kwa ndani, kila baada ya vidole vinne. Akasokota mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikagoma.

"Kumbe si unene wa bomba," akasema. "Limekosa cha kulishika kwa ndani."

Kutwa nzima akakata pete za chuma, akazisukuma ndani ya bomba jipya, akatoboa matundu kwa nje na kuzichomelea moja moja kupitia humo. Uzito ukaongezeka kidogo tu.

Asubuhi yake Mama Viatu akauvaa mlima. Katikati akapunguza mwendo. Mjomba akapiga hatua mbili mbele.

"Fundi! Ukinigusa nakuvunjia heshima mbele ya mpwa wako!"

Mjomba akatia mikono mifukoni. Mama akazungusha, akapumzika, akazungusha tena. Bomba kimya. Akafika juu, akakata kona kwenda kibandani kwake bila hata kugeuka.

"Hata asante hamna?" nikamuuliza Mjomba.

"Muache," akasema. "Anachelewa kazini."