Sikumwahidi Mungu Mbuzi

Ipo siku moja inanirudia kila nikisikia tawi likivunjika vichakani, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nikaenda kukata majani ya ng'ombe upande wa Momela, karibu na mbuga ya wanyama, mahali ambapo wakubwa walishatukataza. Nilikuwa mbishi, wewe umerithi kwangu. Nimeinama na mundu wangu, nikasikia pumzi nzito nyuma. Nilipogeuka nikaona mbogo dume, yuko peke yake, ananitazama.

Nilijitupa mferejini nikalala kifudifudi. Akaja akasimama juu yangu. Mate yake yakanidondokea shingoni, kwato zikachimba udongo karibu na sikio langu. Hapo ndipo nilipomwambia Mungu kimoyomoyo: Baba, ukinitoa hapa mzima, nitakwenda kwa dada Ndeshi kumwomba radhi.

Dada Ndeshi tulizaliwa tumbo moja, na ndiye aliyemuuguza mama yetu mpaka mwisho. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya waombolezaji nikasema mama amekufa kwa uzembe wa Ndeshi. Nilijua si kweli. Uchungu ulitafuta mtu wa kumwangukia, ukamwangukia yeye, na tangu hapo hatukusalimiana.

Mbogo alikwenda zake, nami nikafika nyumbani mzima. Lakini kadiri hofu ilivyonitoka, ndivyo ile nadhiri ilivyozidi kuwa nzito. Nikaanza kumfanyia Mungu ujanja. Jumapili nikatoka mbele ya kanisa kwa shukrani ya pekee, kwaya inaimba, mume wangu nyuma yangu anamvuta beberu aliyenona. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa, Baba Eliakimu, akapokea kamba ya yule beberu, kisha akaniinamia.

"Binti yangu, ulipokuwa chini ya mbogo, ni huyu uliyemwahidi Mungu?"

Nikainamisha macho kwenye kwato za beberu.

"Basi mbuzi tumempokea, asante. Ulichoahidi bado hujakileta."

Nilimkasirikia mzee yule, nakwambia kweli! Nilizunguka na hasira zangu wiki nzima. Mwishowe nikachuma jani la isale mpakani mwa shamba, lile ambalo kwetu ukilibeba mkononi kila mtu anajua umekwenda kuomba msamaha, nikapanda mlima kwa dada. Niliogopa kuliko siku ya mbogo.

Nilimkuta uani anachambua kahawa.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Nikapiga magoti, nikamnyooshea isale, nikasema yote: maneno yangu ya msibani, mfereji, nadhiri. Alisikiliza bila kuninyanyulia macho.

"Kwa hiyo umeletwa na mbogo," alisema. "Asingekutokea, ungekuja?"

Nilitamani kudanganya.

"Nisingekuja, dada."

Akabeba ungo wake wa kahawa, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki pale chini na isale langu, majirani wakichungulia kutoka migombani.

Nilishuka nalia. Njiani nikakumbuka kwamba nadhiri yangu nilikuwa nimeitimiza. Nilimwahidi Mungu kwenda kuomba radhi, naye hakuniahidi kwamba nitapokelewa. Ningeweza kukaa kwangu na hakuna mzee wa kanisa ambaye angeniuliza tena. Lakini swali la dada lilikuwa la haki, na liliniuma.

Baada ya siku chache nikapanda tena na isale jipya. Dada aliponiona alisimama mlangoni, mkono umeshika komeo.

"Na leo umetumwa na nani?"

"Hakuna, dada. Nimekuja mwenyewe."

Akalipokea isale kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kama siku tuliyomzika mama. Tulilia wote wawili, kisha akanipa ndizi nile.

Ndiyo maana, mwanangu, uliponipigia simu kutoka Ngarenaro huko mjini ukaniambia umemwahidi Mungu kwamba ukipata kazi utamrudisha nyumbani baba yako mdogo, yule aliyeondoka kwa ugomvi, na kumtunza, sikushangilia. Niliogopa kwa ajili yako. Hakuna aliyekulazimisha kuahidi, na ungekaa kimya usingekuwa na kosa. Sasa umeshasema, na kazi umeipata. Usimpelekee Mungu kitu kingine kizuri badala ya kile ulichotamka, hata kama kanisa zima litakupigia vigelegele. Mfuate baba yako mdogo. Anaweza kukutukana, anaweza kukataa, na hilo halikuondolei wajibu wa kwenda. Akikuuliza kwa nini umekuja, mwambie kweli. Kisha nenda tena, safari hiyo ukiwa hudaiwi na mtu.

Mungu aliyekusikia ukiahidi akupe nguvu ya kutimiza, mwanangu, na ukishatimiza akupe moyo wa kumpenda yule uliyemwendea kwa hofu.