Siku Zangu Alizoniachia Zuhura

Mwanangu, naikumbuka siku moja pale Gongoni, enzi za Mwingereza, wanawake tumejaa uani tunajisinga kwa harusi ya binti wa wifi yangu. Kila mmoja anamsugua mwenzake mwili kwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia. Kwa bahati yangu mbaya niliangukia mikononi mwa Zuhura, mke mwenzangu, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, na kiuno chake usiniombe nikisimulie.

Akasugua mgongo, akapitisha mkono kwapani, akasita.

"Dada, hapa kwenye titi pana kitu kigumu."

"Kinakuhusu nini?"

"Kaonyeshe hospitali. Shangazi yangu kilimwanza hivi hivi, kidogo, wala hakiumi."

Mimi nilisikia mengine. Mume wetu alikuwa na zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Nikilazwa, siku zangu zinakwenda kwa nani? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Huyu ananitafutia kitanda cha hospitali apate kulala kwenye changu. Hata pilau ya harusi niliisusa kwa wivu. Miezi miwili nikakificha, nacho kinakua.

Zuhura aliporudi kuniuliza, nilimtolea yote ya moyoni, mpaka habari ya zamu. Asubuhi yake nikamkuta amefunga kifurushi.

"Nakwenda Igalula kwa mama, na gari moshi la leo. Bwana nimekwisha kumuaga. Sirudi mpaka utoke hospitali, dada. Siku zako hakuna wa kuzigusa."

Sababu ikaniishia, nikaenda. Daktari alikikata, akaniambia ningekawia kidogo tu asingekuwa na la kunifanyia. Kovu lake ninalo mpaka leo.

Aliporudi, utadhani nilimshukuru. Wapi, mwanangu! Wivu ulizidi, maana sasa alikuwa amenishinda na kwa wema pia. Harusi zilikuja nyingi baada ya ile, nami kila tulipojisinga nilikaa mbali naye makusudi. Hata mara moja sikumwuliza, na wewe je, umetazamwa? Alipokuja kugundua mwenyewe kitu kama changu titini mwake, kilikuwa hakikatiki tena. Siku aliyofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na hapo ndipo mkono wangu ulipomgusa mara ya kwanza.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema wazee. Mimi kiliniachia, kikamchukua aliyenifichua, na hilo linaniuma kuliko kovu. Basi shika usia huu. Kila mwezi ukitoka hedhini, jipapase matiti yote mawili na makwapa. Ukikuta kitu, hata kisichouma, nenda. Wakiita wanawake kupimwa mlango wa kizazi, usingoje uumwe kwanza. Na usiende peke yako. Mchukue mwenzako, hasa yule unayemwonea wivu.

Mungu akupe uzima, mwanangu. Akupe na mtu wa kukusugua mgongo, kisha akufungue kinywa umwulize naye hali yake angali hai.