Bahasha kwenye Mlango wa Jirani

Juzi kijana wangu wa mwisho alinionyesha simu yake tukiwa tumekaa barazani hapa Ijuganyondo. Watu wasiojuana wanapiga picha majalada ya santuri na kuandika: leo nyumbani nasikiliza hii. Wengine wanawajibu kwa picha za kwao. Akaniuliza kama sisi wazee tulikuwa na mambo kama hayo. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Tulikuwa nayo, rafiki yangu. Tena kwetu Kishanda aliyeyaanzisha ni baba yangu, na aliyeyaua ni yeye huyo huyo.

Baba alifanya kazi Uganda, akarudi na kinanda cha santuri, kile cha kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri kumi na moja. Kila Jumamosi alasiri alipokifungua, bahasha ya santuri iliyokuwa inapigwa ilitundikwa kwenye msumari wa mlango wa mbele, ili apitaye njiani ajue tunasikiliza nini. Mwenye kuupenda wimbo aliingia tu, akakaa kwenye nyasi mbichi ambazo Mama alikuwa ametandika sakafuni tangu asubuhi. Kazi ya kubadilisha bahasha ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa darasa la tatu na nilijua kusoma. Usiniulize jinsi nilivyoringa. Sindano za kinanda zilipoadimika madukani baba alichonga mwiba wa mlimau, na ukafanya kazi, ingawa waimbaji wote walisikika kama wana mafua. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa na ya ndizi zikichemka na maharage, masikio yangu husubiri ule mkwaruzo wa kwanza.

Santuri ya kumi na mbili haikuwa yetu. Ilikuwa ya jirani, mjane ambaye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kilipakana na chetu. Mumewe aliinunua Kampala, akaja nayo melini ndani ya furushi la nguo, na chuma cha mkanda wake kikaikwaruza njiani. Mwaka uliofuata alirudi huko kazini, akafia huko. Mjane hakuwa na kinanda, kwa hiyo santuri yake ilikaa kwetu, na kila Jumamosi tuliipiga mwisho. Ikifika katikati, pale penye mkwaruzo, neno moja lilirudiwa, likarudiwa. Watu wote walipiga makofi kufuata lile neno, naye jirani aliinuka akacheza, mikono juu, mpaka mimi niisogeze sindano kwa kidole.

"Usiharakishe, mwana wange," aliniambia siku moja huku akihema. "Hapo ndipo mkanda wake ulipogusa."

Basi nikawa nachelewa makusudi.

Ikaja miaka ya ujamaa. Jumamosi ikawa siku ya shamba la kijiji, na ikifika saa tisa watu walianza kutoroka mmoja mmoja na majembe yao kwenda kuona bahasha gani imetundikwa kwetu. Kwenye mkutano mwenyekiti wa kijiji akasema kuna mtu anawavuta wananchi kutoka kazini kwa muziki. Hakumtaja, lakini vichwa vyote viligeuka upande wa baba. Wakati huo huo kijiji kilikuwa kinatafuta mtu wa kuendesha duka la kijiji, na baba alilitaka lile duka hata usingizini. Siulaumu ujamaa, mimi. Ulinipa kisima karibu na nyumbani na ukanifikisha darasa la saba. Namlaumu baba.

Jumatatu yake aliniita. "Kusanya santuri. Kinanda tunakitoa kwa kijiji, kila mtu afaidi."

"Zote, tata?"

"Zote."

"Na ile ya jirani?"

"Husikii? Nimesema zote."

Nikazikusanya. Ile ya jirani niliiweka katikati ya nyingine bila bahasha, maana bahasha yake ilikuwa bado inaning'inia mlangoni tangu Jumamosi. Ningependa kukuambia kwamba niliiacha pale kwa ujasiri, iwe ushahidi. Uongo mtupu. Niliisahau.

Jumamosi iliyofuata jirani alikuja na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, amefunga kwenye jani la mgomba kama kawaida yake. Aliiona bahasha yake kwenye msumari, akaingia anatabasamu. Alidhani siku hiyo yake ndiyo inaanza. Akamkuta baba amekaa peke yake na meza tupu.

"Kinanda nimekitoa kwa kijiji, waitu," baba alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Sasa ni chetu sote."

"Na yangu?"

"Na yako. Kwani wewe si mwanakijiji?"

Jirani aliweka akamwani mezani, kwa sababu zawadi ukishaileta huirudishi, akatoka, akaichomoa bahasha yake kwenye msumari. Hakukanyaga tena kwetu. Mwezi haukuisha baba akakabidhiwa funguo za duka.

Paa la ofisi ya kijiji lilivuja masika yale, santuri zikalowa. Karani akazianika juani kwenye mikeka, pamoja na kahawa. Kwetu kila kilicholowa huanikwa juani, sasa nani angemwambia kwamba santuri si kahawa? Zilijikunja kingo zote zikawa sahani, na sahani hazikosi kazi. Mama alikuwepo ofisini siku wanawake walipoitwa mkutanoni, wageni wakapitishiwa akamwani kwenye sahani hizo. Jirani alichukua punje mbili, akatafuna, akashukuru kwa adabu. Kisha akaona mkwaruzo chini ya kahawa. Mama alinisimulia haya mara moja tu, baba akiwa hayupo.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata jirani aliitundika bahasha kwenye mlango wake mwenyewe. Saa tisa aliitoa, jioni aliiingiza ndani, na nyumba ilikuwa kimya. Njia ya kwenda dukani ilipita mbele ya mlango ule. Baba akaanza kuzunguka nyuma, kwenye matope ya kibanja, akidai ni njia ya mkato. Haikuwa ya mkato hata kidogo. Alizunguka hivyo miaka yote, viatu vimejaa tope, na akafa bila kusema samahani.

Mimi nilijaribu. Nilipokuwa mtu mzima nilipata mjini Bukoba kaseti yenye wimbo ule ule, nikaipeleka Kishanda pamoja na redio yangu. Jirani alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri. Wimbo ulipoanza alinishika mkono kwa nguvu. Ulipokaribia katikati aliniachia, akainua mikono yake yote miwili tayari kupiga makofi. Wimbo ukapita. Mikono ilibaki juu kidogo, kisha akaishusha mapajani.

"Umefanya vizuri, mwana wange," alisema. "Lakini hii si yangu. Yangu ilikuwa inasimama hapo inamngoja."

Sasa naye ameondoka. Nyumba yake imebomolewa, pamejengwa ya matofali yenye geti la chuma, na mlango wetu wenye msumari sijui uliishia jiko la nani. Siku hizi watu wa Kishanda wanasikiliza kila mmoja na chake sikioni, na ukipita njiani hujui nani ana furaha leo.

Kijana wangu alitaka nimtajie jina la wimbo ule autafute kwenye simu. Nilikataa. Ataupata mzima, bila mkwaruzo, na atadhani ameusikia.